Rudini Nyumbani Kama Makuruta

Maneno haya niliyasema Jumamosi moja katika ukumbi wa kanisa huku Lanet, Nakuru, mbele ya wanajeshi waliobakisha miezi michache kustaafu, pamoja na wake na waume zao. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni.

Mwenyekiti wetu, wachungaji, wazee, maafande wenzangu, na nyinyi kina mama mlioacha kazi za nyumbani mkaja kutusikiliza, hamjambo. Wale wa nyuma, kuna viti hapa mbele, sogeeni tu.

Mimi nilihudumu katika jeshi la nchi kavu miaka 21. Niliandikishwa 1997, nikatoka 2018 nikiwa sajini. Nimeombwa niwaeleze jinsi ya kuyazoea maisha ya uraiani, na nadhani wengi wenu mnatarajia nizungumzie pensheni na mashamba. Nitayagusa. Lakini nataka kuanzia asubuhi moja, maana yote niliyojifunza kuhusu kurudi nyumbani yalianzia pale.

Nilitoka kambini Ijumaa. Jumamosi, saa kumi na nusu alfajiri, macho yalikuwa wazi kama kawaida. Nikaoga maji baridi, nikavaa, nikatandika upande wangu wa kitanda huku mama watoto bado amelala upande wake. Kisha nikaingia chumba cha watoto, nikawasha taa. Vitabu sakafuni, sare ya shule imetupwa kwenye kiti, soksi moja huku na nyingine kule. Nikapaza sauti. Ile sauti ya uwanjani, mnaijua. Binti yangu wa kwanza, wakati huo ana miaka 15, aliruka akasimama kando ya kitanda, mikono imebana mapajani. Hakuna aliyemfundisha kusimama hivyo. Alikuwa ameyaona kwangu, likizo baada ya likizo. Hakulia. Aliniangalia tu, akauliza kwa sauti ndogo, "Baba, unarudi kazini lini?"

Nikamwambia sirudi tena. Niliuona uso wake ukibadilika, na haikuwa furaha.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa miaka 21 nyumba yangu ilinijua kama mgeni wa zile siku mbili. Nikija likizo kuku anachinjwa, watoto wanaruhusiwa kuchelewa kulala, mama watoto anaazima viti kwa jirani. Wiki chache, naondoka. Sasa siku ya tatu ilikuwa imefika, jembe liko pale mlangoni linaningoja, nami badala ya kulishika nikaanza kuwapanga wenye nyumba foleni. Nilirudi kama afande. Nilipaswa kurudi kama kuruta. Hilo ndilo nililokuja kuwaambia leo.

Kumbukeni Eldoret, kule tulikofunzwa tukiwa makuruta, askari wapya. Ulinyolewa, ukapewa namba, ukafundishwa kutembea kana kwamba hujawahi kutembea tangu uzaliwe. Ulifundishwa kukunja blanketi. Hukuona aibu kwa kutojua, kwa sababu wenzako wote hawakujua, na wewe ulikubali kwamba hujui. Miezi ilitumika kumtoa raia ndani yako na kumtia askari. Je, ni siku ngapi zinatumika kumrudisha yule raia? Kwangu mimi ilikuwa kurudisha vifaa stoo, kutia sahihi karatasi, kupeana mikono, na kupanda matatu pale barabarani na begi langu.

Wazee wetu walilijua jambo hili. Katika jamii nyingi za magharibi mwa Kenya na hapa Bonde la Ufa, mtu aliyemwaga damu vitani hakuingia nyumbani moja kwa moja. Alikaa kando kwanza, akafanyiwa taratibu za kutakaswa, kisha ndipo akaketi kula na watu wake. Sisemi turudie mila zile. Wachungaji mko hapa, na mimi mwenyewe ni mtu wa kanisa. Nasema waliona kwamba pana kizingiti, na kwamba mtu anahitaji muda wa kukivuka, na wenzake wa kumvusha.

Babu yangu hakupata muda huo. Alikuwa Keya. Vijana mlio hapa huenda hamjui, jina hilo limetoka kwenye herufi K.A.R., jeshi la King's African Rifles. Alitoka kwao Kakamega akapelekwa Burma. Vikosi vya Afrika Mashariki vilishuka bonde la Kabaw mwaka 1944 mvua kubwa za kule zikinyesha, matope kila mahali, malaria ikiwaangusha watu njiani, wakauvuka mto Chindwin kabla ya mwaka kwisha. Vita vilipomalizika alirudishwa kwa meli na gari moshi, akafika kwao na koti la jeshi. Kijijini walimwita Keya mpaka siku alipozikwa. Jina alilopewa na mamake nililisikia mara ya kwanza likisomwa kwenye mazishi. Na usiku ambao hakuna mvua alilala nje, mgongo ukiegemea ukuta wa jikoni, uso umeelekea njia. Sisi wajukuu tulidhani anapenda hewa safi. Nilikuja kumwelewa nikiwa na miaka 42.

Lugha yetu imebeba alama za watu kama yeye. Kariakor ya Nairobi ni Carrier Corps, wale wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Foleni unayopanga benki ilianza kama amri ya gwaride, ya kuwaita askari wajipange. Maneno yaliuzoea uraia upesi kuliko wenyewe.

Sasa pesa. Kiinua mgongo changu kilipoingia benki, mama watoto aliniomba jambo moja: tungoje mwaka mmoja kabla ya kukigusa. Nikamjibu kwa maneno mawili: "Hilo nimeamua." Nikanunua matatu ya watu 14, mkono wa pili, ikaenda kufanya kazi kati ya Nakuru na Njoro. Maafande, fikirini nilikotoka. Jeshini mafuta yanatoka stoo. Gari likiharibika kuna koplo fundi, na tairi unaiomba kwa fomu. Sikujua hesabu ya dereva, ile pesa anayomletea mwenye gari kila jioni, ni kitu gani, sikujua gari linaweza kukaa gereji miezi mitatu huku bima na mkopo vinaendelea kudai. Aliyeniuzia alijua injini ile imechoka. Mimi sikujua hata swali la kumuuliza. Baada ya miezi 14 niliiuza kwa chini ya nusu ya bei niliyoinunulia.

Kwa hivyo nawasihi: mwaka mzima usinunue gari, usianzishe jengo, usimkopeshe binamu. Weka pesa kwenye sacco yako au kwenye dhamana za serikali, ukae nayo kimya. Jamaa watakuja. Watakuja hata wale ambao hawakupiga simu ulipokuwa Somalia. Wajibu kwamba mambo hayo unayapanga na mwenzako, na iwe kweli.

Siku tuliyouza ile gari nilikaa jikoni jioni. Mama watoto alikuwa anajaza daftari lake la maziwa. Nilikuwa nimeliona miaka mingi na sikuwahi kulifungua. Ni daftari la shule la kawaida, jalada la buluu, kona zimelegea kwa mvuke wa sufuria. Kila mstari una tarehe, lita za asubuhi, lita za jioni, nani amelipa na nani anadaiwa. Pembeni kabisa, kwenye mistari mingine, kulikuwa na tiki ndogo ya kalamu nyekundu. Nikamuuliza hizo ni za nini.

Akasema, "Hizo ni siku ulizopiga simu."

Akainuka, akavuta sanduku chini ya meza. Ndani yalikuwamo madaftari ya miaka yote. Nikatafuta Januari 2016. Wakati huo nilikuwa Somalia kwa mara ya pili, vikosi vyetu viko chini ya AMISOM, jeshi la Umoja wa Afrika kule. Tarehe 15 ya mwezi ule kambi yetu ya El Adde ilivamiwa. Mimi nilikuwa kambi nyingine, mbali na pale, lakini kwa siku kadhaa sikuweza kupiga simu nyumbani. Kwenye daftari, tarehe 14 ina tiki. Tarehe 15 haina. 16 haina. 17, 18, 19, 20, hazina. Lakini lita zipo. Wakati ule alikuwa na ng'ombe mmoja. Asubuhi 11, jioni 8. Asubuhi 11, jioni 7. Redio inasema yale inayosema, majirani wanakuja kukaa naye bila kuzungumza, hajui kama tayari ni mjane, na kila alfajiri yuko chini ya ng'ombe anakamua, anapima, anaandika. Tarehe 21 kuna tiki. Kalamu ilitoboa karatasi.

Huyo ndiye mtu niliyemwambia "hilo nimeamua."

Nilichukua siku nyingi kupata la kumwambia, na nilipolipata lilikuwa fupi. Nilimwomba anifundishe kukamua. Nikaanza na ndoo. Nikafundishwa kuosha kiwele kwa maji ya uvuguvugu, kukaa upande ambao ng'ombe amezoea, kutovuta kwa nguvu. Wiki ya kwanza ng'ombe alizuia maziwa, kwa sababu alihisi mkono mgeni. Mama watoto hakunicheka. Alisimama nyuma yangu, akasema, "Polepole, baba. Atakuzoea."

Kuna jambo lingine, na hapa nawaomba wanaume mnisikilize bila kuangalia chini. Nyuma ya nyumba yetu kuna mti wa avokado ambao matawi yake yamefika juu ya mabati. Usiku mmoja katika mwaka ule wa kwanza tunda lilianguka. Nilipojitambua nilikuwa sakafuni, nimemvuta mama watoto kutoka kitandani, nimemlalia, kiganja changu kimemziba mdomo. Kiwiko chake kilichubuka. Avokado nyingine ikaanguka, nikaisikia ikibingirika juu ya mabati mpaka kwenye mfereji. Asubuhi nilichukua panga nikaukate mti ule. Akanizuia. Akasema mti hauna shida, twende hospitali.

Tulikwenda hospitali ya kaunti. Nilikaa kwenye benchi saa mbili nikitaka kuondoka, naye amekaa upande wa mlango. Daktari alinieleza kwamba hicho ni kiwewe, kwamba mwili uliofundishwa kuwa macho miaka mingi unaendelea kushika zamu hata pale ambapo hakuna lindo. Dalili zake mnazijua hata kama hamzitaji: ndoto zilezile, kushtuka kwa mlango, kukwepa matanga na mikutano, hasira inayokuja kabla ya sababu yake, kuwaona watoto wako kama uko nyuma ya kioo. Dalili kama hizo zikizidi mwezi mmoja na zikaharibu usingizi, kazi au ndoa yako, nenda ukaonwe. Tiba ipo. Yangu ilikuwa kuzungumza na mshauri kila wiki kwa miezi kadhaa, na dawa kwa muda. Sikufungiwa popote. Jirani mmoja alisema nimerogwa, mwingine akasema ni mapepo ya watu wa kule Somalia. Niliwaacha waseme, nikaenda kliniki siku yangu ilipofika.

Pombe inadanganya. Inakupa usingizi saa nne, inakuamsha saa tisa usiku ukiwa mbaya zaidi kuliko ulivyolala. Nimewazika wenzangu wawili waliojitibu hivyo.

Na Januari, jamani, tuwe macho Januari. Tarehe 14 Oktoba tunaadhimisha Siku ya KDF, yaani ya jeshi letu la Kenya, kukumbuka vikosi vilivyoingia Somalia Oktoba 2011, na kuna gwaride na bendi. El Adde ilikuwa 15 Januari 2016. Kulbiyow, kambi yetu nyingine iliyovamiwa kule Somalia, ilikuwa 27 Januari 2017. Januari hiyohiyo karo inadaiwa na mifuko imekauka baada ya Krismasi. Mstaafu aliyekaa peke yake Njoro au Bahati mwezi huo anaweza kufika mahali pabaya bila mtu kujua. Tuna chama cha wanajeshi wastaafu, DEFOCA, na tuna simu zetu. Mwezi huo mpigie mwenzako. Usimuulize "uko salama, afande?" kwa sababu atakujibu yuko salama. Mwambie unapita kwake kunywa chai, kisha upite kweli.

Kwa yeyote ambaye amewahi kufikiria kujitoa uhai na akaogopa kusema kwa sababu ya polisi: Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, kinakwenda kinyume cha Katiba. Zungumza. Niambie mimi leo baada ya mkutano, nitakusindikiza hospitali mwenyewe.

Karatasi nitazipitia haraka, maana mtaelezwa kambini. Cheti chako cha kuondoka jeshini kitoe nakala kadhaa, moja ibaki kwa mwenzako. Jisajili SHA, mamlaka mpya ya bima ya afya ya serikali, wewe na wote wanaokutegemea. Bima ya NHIF tuliyoizoea iliisha Oktoba 2024. Hakikisha majina kwenye kitambulisho, benki na pensheni yanafanana herufi kwa herufi, kwa sababu herufi moja imewachelewesha wengi. Bunge lilipitisha sheria ya wanajeshi wastaafu mwaka 2022. Isomeni, mjue mnachostahili kudai, na mdai kwa sauti moja.

Kazi je? Wengi mtaitwa na kampuni za ulinzi, ni kazi ya heshima. Mimi niliifanya miaka miwili, mlangoni mwa ghala moja hapa mjini. Msimamizi wangu alikuwa kijana wa miaka 26 ambaye hakuwahi kushika bunduki. Siku ya pili aliniita kwa jina langu la kwanza mbele ya watu na kuniambia nimejaza kitabu vibaya. Damu ilinipanda. Mkono ulikuwa tayari unatafuta kitu cha kushika. Nikakumbuka ndoo ya maziwa. Nikamwambia, "Nionyeshe." Akanionyesha, na kweli nilikuwa nimejaza vibaya. Kijana yule baadaye ndiye aliyenifundisha kutumia kompyuta, jioni, baada ya zamu, bila malipo. Sasa kumbukumbu za mifugo yetu naziandika humo, ingawa mama watoto hajaliacha daftari lake, na simwombi aliache.

Kina mama, na nyinyi waume mliooa wanajeshi, nina ombi kwenu pia. Mmeendesha nyumba hizi peke yenu. Mmewapeleka watoto hospitali usiku, mmesimamia matanga, mmejenga. Huyu anayerudi atagusa kila kitu na atavuruga vingi. Msimnyang'anye jembe kwa sababu analima vibaya. Mpeni kipande kidogo cha kazi ambacho ni chake, kibanda cha kuku, kupeleka watoto shule, chochote, na mwacheni akosee hapo. Lakini akiinua mkono, hilo si jambo la kuvumilia kwa sababu alilitumikia taifa. Ondoka, ita watu, ripoti. Nayasema haya mbele ya maafande wenzangu, na hakuna atakayeniambia nimekosea.

Yule binti yangu sasa ana miaka 22, yuko chuo. Mwaka jana alikuja likizo, akanikuta asubuhi nimekaa kwenye kigoda nakamua. Alisimama mlangoni pa zizi muda mrefu, amejifunga leso, hajachana nywele. Kisha akaingia akashika ndoo ya pili. Hatukuzungumza. Tulipata lita 23.

Nimepewa dakika 20 na naona mwenyekiti anaangalia saa. Nilimwomba zamu ya pili ya kuzungumza asimpe afande mwingine. Mama watoto yuko pale, safu ya tatu, amevaa kitambaa cha kijani, na amekuja na daftari la 2016. Mama, karibu mbele.